Nahodha Asiyelowa

Wengi wa rika langu tuliiona filamu kabla ya kujua kwamba kuna kitabu. Stuart Little, iliyoongozwa na Rob Minkoff na kutoka mwaka 1999, ilitufikia kwa diski za kuazimana na kwa runinga za mchana wa Jumapili. Ukimwuliza mtu aliyeitazama utotoni anakumbuka nini, atakutajia vitu vitatu: panya mdogo anayeongea, paka mwenye kinyongo, na mashua. Mashua hasa. Matanga juu ya bwawa, umati ukipiga kelele, na yule panya peke yake chomboni akipambana na mashua kubwa kuliko yake.

Kitabu cha E. B. White kilichozaa filamu hiyo kilichapishwa mwaka 1945, kikiwa na michoro ya Garth Williams. Nacho kina mashua, jina lake ni lilelile, Wasp, na inashindana kwenye bwawa la Central Park mjini New York. Ukisoma haraka utasema watengenezaji wa filamu waliihamisha sura hiyo kutoka karatasini hadi kwenye skrini, wakaongeza kelele kidogo. Lakini waliongeza kitu kingine, kidogo kiasi cha kutoshea mikononi mwa mtoto: rimoti. Katika kitabu haipo. Katika filamu ipo, na inavunjika kabla ya mbio kuanza. Nataka kuonyesha kwamba kifaa hicho kimoja kimegeuza maana ya hadithi nzima, na kwamba maana iliyopatikana inapaswa kutusumbua, hasa sisi tuliolelewa katika nyumba ambazo si za wazazi wetu.

Nasema haya kama mwanafunzi wa fasihi, lakini pia kama mtu aliyejenga mashua ya namna hiyo kwa mbao, akaitia redio, akaishindanisha. Nitafika huko. Tuanze na kitabu.

Stuart wa White ni mtoto wa pili wa Bwana na Bibi Little. Ana urefu wa kama inchi mbili na kwa sura ni panya. Hakuletwa katika familia hiyo; amezaliwa humo, na mwandishi hajisumbui kueleza imewezekanaje. Asubuhi moja anavaa mavazi ya baharia, anapanda basi, anakwenda bwawani peke yake. Anazikagua mashua za watu kwa jicho la mjuzi, anaipenda moja, anamfuata mwenye nayo na kumwomba kazi. Mwenyewe ni Dk. Paul Carey, daktari wa meno. Dk. Carey ana haja moja: kuishinda Lillian B. Womrath, mashua ya kijana anayeitwa LeRoy. Wanaelewana hapohapo, kama watu wazima wawili.

Mbio zenyewe zimeandikwa na mtu anayejua matanga, na kweli White alipenda kusafiri kwa tanga na aliishi miaka mingi Maine, kando ya bahari. Hali ya hewa inachafuka. Watu wanasukumana ukingoni mpaka polisi anatumbukia majini. Wimbi linapanda sitaha na kumzoa nahodha. Mfuko wa karatasi unaifunika Wasp na Stuart haoni mbele wala nyuma. Vyombo viwili vinagongana, vinanasana. Stuart anavinasua, anaushika upepo tena, anashinda.

Halafu linakuja jambo ambalo filamu isingeweza kulivumilia. Usiku Stuart anarudi nyumbani. Kaka yake, George, anamwuliza alikuwa wapi siku nzima. Anajibu kwa kifupi kwamba alikuwa akizunguka tu mjini. Basi. Familia yake haielezwi habari za ushindi, wala sisi hatuelezwi kwa nini amenyamaza. Sura inafungwa.

Nimeirudia sura hiyo mara nyingi mwaka huu, na kila mara ukimya wa mwisho ndio unaonishika. Stuart hakushinda ili aonekane. Alishinda kwa sababu kazi ile aliiweza, na siku ile palikuwa na upepo.

Ili kuelewa kwa nini rimoti ni jambo kubwa, lazima tujue mashua za mfano ziliendaje kabla ya redio kuenea. Zamani hizo mashua za bwawani ziliachiwa tu. Mwenyewe alipanga matanga, akaweka sawa usukani, akaisukuma kwa mkono, kisha akatembea kandokando ya maji na fimbo ndefu kwenda kuipokea ng'ambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza George Braine alibuni mtambo uliounganisha kamba ya tanga na usukani, ili upepo ukilivuta tanga kwa nguvu, usukani nao ujirekebishe. Baadaye kikaja kipande chepesi kama bawa kinachosimama tezini; upepo unakielekeza, nacho kinaugeuza usukani. Kila uamuzi ulifanywa kabla ya chombo kuondoka mkononi. Ulifikiri kwanza, ukaachia, na kilichofuata kilikuwa cha upepo.

Katika ulimwengu huo hakuna aliyetarajia nahodha ndani ya mashua ya mfano. Kwa hiyo Stuart anapopanda Wasp, hazibi pengo la mtu wala la kitu. Mashua ingekwenda bila yeye. Anachoongeza ni kile ambacho mtambo hauwezi: kuona mfuko wa karatasi unakuja, kubadili nia katikati ya njia. Ni ziada. Ni zawadi. Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa sababu ndilo litakalopotea kwenye filamu.

Sasa mashua yetu. Mimi na binamu yangu, ambaye ni seremala, tulijenga moja kwenye ua wa nyumba ya mama mkubwa, Tanga. Tulifuata vipimo vya daraja la kimataifa linaloitwa International One Metre, lililoanzishwa mwaka 1988. Mwili hauzidi milimita 1,000. Chombo kizima, kikiwa tayari kushindana, hakipungui gramu 4,000. Kati ya hizo, mkuku pamoja na farumi yake ya risasi ni kati ya gramu 2,200 na 2,500. Zirudie takwimu hizo polepole. Zaidi ya nusu ya uzito wa chombo uko chini ya maji, mahali ambapo mtazamaji hapaoni kamwe. Tanga ndilo linalosifiwa, lakini bila risasi ile tanga lingelala juu ya maji kwa pumzi ya kwanza.

Mwongozo tulioutumia ulikuwa wa Kiingereza, na binamu hakuutaka msamiati wake. Kila sehemu aliiita kwa jina alilolisikia kwa mafundi wa majahazi: mkuku, mataruma, omo, tezi, mlingoti, demani. Mataruma tuliyakata kwa plaiwudi, tukayapanga juu ya ubao kwa mstari. Juu yake tukaanza kubandika vijiti vya mbao vyenye unene wa milimita tatu, kimoja kimoja, kuanzia chini kwenda juu, upande huu kisha upande ule, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, gundi ikikauka huvuta, na chombo hujipinda. Kila kijiti lazima ukipunguze kwa randa kuelekea omo na tezi, kwa sababu tumbo la chombo ni pana kuliko ncha zake. Vibanio vya nguo vya mama mkubwa vyote viliishia kwenye mashua ile; kwa wiki kadhaa nguo za nyumba nzima zilianikwa kwa kufungwa fundo. Baada ya hapo msasa, siku nyingi za msasa, kisha faiba nyembamba na epoksi, mpaka mbao ikang'aa kama imelowa.

Redio inaingia mwishoni, na inaingia kwa uchache sana. Watu husikia "mashua ya rimoti" wakadhani kuna injini. Hakuna. Kuna vimashine viwili vidogo ndani, kimoja cha usukani na kimoja cha demani, ile kamba inayolivuta tanga au kulilegeza. Mkononi una vijiti viwili: cha kwanza kinasema kushoto au kulia, cha pili kinasema kaza au legeza. Hakuna kitufe cha kwenda. Ukitaka chombo kiende, uombe upepo, halafu uelewane nao. Upepo ukikata, unaweza kubonyeza mpaka vidole viume, chombo kitakutazama tu.

Mashindano ya mashua hizi yanafuata kanuni zilezile za dunia zinazofuatwa na mashua kubwa, zikiwa na kiambatisho chao maalumu. Chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto hukipisha kinachopokea kwa ubavu wa kulia. Ukivunja kanuni, unajiadhibu mwenyewe: unazungusha chombo duara moja, kisha unaendelea. Tanga hatukuwa na klabu ya kushindana nayo. Tulikuwa na watoto wa ufuoni na vingalawa vyao, vile vya kuchonga, vyenye mabawa mawili ubavuni na matanga ya viroba. Wao hawana redio. Wanapanga tanga, wanasukuma, wanakimbia nacho majini huku wakikizomea na kukisifu. Yaani wanashindana vilevile walivyoshindana watu wa Central Park mwaka 1945, ila kwa kelele zaidi na bila viatu.

Upepo ukiwa nyuma, vingalawa vilituacha. Ni vyepesi, na hakuna gramu 2,200 za risasi zinazovirudisha nyuma. Lakini resi tuliipanga ya kwenda na kurudi, na kurudi ni dhidi ya upepo. Hapo chetu kilibisha, kikapanda joshini hatua kwa hatua, pembe huku, pembe kule, mpaka kikafika. Watoto walivibeba vyao mkononi wakarudi navyo wakicheka.

Ni siku hiyo mzee mmoja mvuvi alisimama kututazama. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Nahodha wa chombo hiki yuko wapi?"

Binamu akanionyesha kwa kidevu. Mzee akaiangalia mashua kule mbali, akaniangalia mimi mkononi, kisha akashusha macho mpaka kwenye suruali yangu, ambayo ilikuwa kavu.

"Nahodha gani halowi, mwanangu?"

Hakusubiri jibu. Nami nimekaa na swali lake, na ndilo ninalorudi nalo kwenye filamu.

Katika filamu, Stuart si mtoto wa kuzaliwa. Ametolewa kwenye nyumba ya watoto yatima. Bwana na Bibi Little wamempenda papo hapo; George hajampenda. Alitaka mdogo wake, akaletewa panya. Kinachowaunganisha ni Wasp, mashua ya rimoti ambayo George hajaimaliza. Wanaimaliza. Siku ya mbio inafika, rimoti inavunjika, George anakata tamaa, na Stuart anaruka ndani ya mashua kuiongoza mwenyewe. Anashinda. George anamtambua kuwa ndugu. Nyumbani kunafanyika sherehe.

Tazama kwanza jinsi filamu inavyoielewa rimoti. Rimoti ikivunjika, mashua imekufa, kama runinga iliyokosa umeme. Hakuna hata mmoja kando ya bwawa anayekumbuka kwamba chombo kina tanga, kwamba watu waliziachia mashua za namna ile kwa vizazi vizima, kwamba unaweza kulifunga tanga mahali pake, kuufunga usukani, na kusukuma. Msomaji atasema ninaikagua filamu ya watoto kwa jicho la fundi. Ndiyo. Lakini kosa hilo la kifundi lina kazi katika hadithi. Filamu inahitaji tuamini kwamba bila rimoti hakuna kitu, ili Stuart awe na nafasi ya kujaza. Anapopanda chomboni, anapanda kama kipuri. Kifaa kimeharibika, yeye anatosha mahali pake, kwa bahati nzuri ana mikono midogo.

Hapo zawadi imegeuka kuwa malipo. Stuart wa kitabu anaomba kazi kwa mgeni, anaifanya, anarudi nyumbani kimya, kwa sababu nyumbani si mahali pa kulipia. Stuart wa filamu anafanya kazi hiyohiyo na kwa kufanya hivyo anapata kaka. Filamu haisemi waziwazi kwamba mtoto wa kulea hupendwa akiwa na manufaa. Inaonyesha tu kwamba alipendwa kikamilifu baada ya kuwa na manufaa, na inapiga muziki.

Nani kati yetu hajui mtihani huo? Afrika Mashariki imejaa watoto wanaolelewa kwa shangazi, kwa mjomba, kwa bibi, kwa mama mkubwa, na wengi wanalelewa kwa mapenzi. Mimi nililelewa kwa mapenzi. Hata hivyo niliamka kabla ya wengine nikafagia ua bila kuambiwa. Vyombo niliviosha kabla havijapoa. Nikishika nafasi ya kwanza darasani, niliacha ripoti mezani mahali ambapo ingeonekana. Hakuna aliyenidai lolote. Mtoto anayekaa kwa watu hujifungulia deni mwenyewe na hulilipa kimyakimya, na hadithi kama hii ya filamu zinamwambia kwamba hesabu yake ni sahihi: subiri siku ambayo kitu kitavunjika, uwe wewe wa kukitengeneza, na hapo utakuwa wa nyumbani.

Nisiionee filamu. Kuna jambo inalolijua ambalo kitabu hakilijui kabisa, nalo ni kujenga. Wasp ya White inatokea bwawani imekamilika, imepakwa rangi, matanga juu. Nani aliyepinda zile mbao? Ni usiku mingapi ya msasa? White hana habari. Anapenda chombo kikiwa majini. Filamu ndiyo inayotupeleka chini kwenye chumba cha michezo, kwenye mashua iliyoachwa nusu, na kutuonyesha watoto wawili wakianza kuongea kwa sababu mikono yao ina shughuli. Hilo ni kweli kabisa. Binamu yangu na mimi tuliishi nyumba moja miaka minane bila kuzungumza jambo la maana, mpaka tulipokuwa tunasubiri gundi ikauke. Ukishikilia kijiti upande mmoja na mwenzako akashikilia upande wa pili, na hakuna anayeweza kuachia kwa dakika kumi, utaambiwa mambo. Undugu wa George na Stuart ulikwisha kujengwa kule chini kabla ya mbio. Filamu yenyewe ililijua hilo, kisha ikaogopa kwamba halitoshi, ikalipeleka bwawani likapigiwe makofi.

Kitabu nacho hakidhani kwamba kuongoza ni jambo jepesi. Baadaye kidogo Dk. Carey anamwonyesha Stuart kigari alichokitengeneza, chenye kitufe cha kukifanya kisionekane. Stuart anakibonyeza, gari linapotea machoni, na katika kupapasa linawaka na kuondoka lenyewe, likigonga huku na kule chumbani, hakuna anayeliona wala anayeweza kulishika. Ni tukio la kuchekesha, lakini mimi nalisoma sambamba na mbio za mashua. Kwenye mashua, Stuart yumo ndani, na misukosuko yote inapita mikononi mwake. Kwenye gari, nguvu ipo na kifaa kipo, ila mkono haupo. White alijua tofauti kati ya kuendesha na kubonyeza.

Na labda sisi sote tunasumbuliwa na tofauti hiyo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1898, katika Madison Square Garden, mji uleule wa New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya chuma iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Haikuwa na tanga. Ilikuwa na mota na betri. Husimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji hawakuamini, wakadhani ndani yake mmefichwa nyani aliyefunzwa. Nimependa kisa hicho tangu nilipokisikia, kwa sababu miaka 101 kabla ya filamu, watu wa New York walikwisha kumtia mnyama mdogo ndani ya mashua ya rimoti. Akili ya binadamu haitulii ikiona chombo kinageuka na hakuna mtu ndani. Inataka mwili humo. Inataka anayelowa.

Lakini je, ni kweli kwamba anayesimama ufuoni si nahodha? Hili ndilo ambalo kitabu na filamu vyote viwili vimeliacha. White alimweka nahodha chomboni kwa sababu redio ilikuwa haijafika bwawani kwake. Minkoff alikuwa na redio, akaivunja. Hakuna aliyejaribu kuandika habari za mtu aliyesimama kwenye nchi kavu, mwenye njia mbili tu za kukifikia kitu anachokipenda, akikitazama kikienda mbali.

Mimi ninaijua habari hiyo kwa upande wa chombo. Mama yangu alikuwa akifanya kazi Muscat nilipokuwa mtoto. Alikuwa na njia mbili za kunifikia: simu ya Ijumaa na hela ya mwisho wa mwezi. Kwa simu alinigeuza kidogo kushoto, kidogo kulia: soma, msikilize mama mkubwa, usikae kijiweni. Kwa hela alikaza au alilegeza. Mengine yote yalikuwa ya upepo, na upepo wa Tanga hakuwa akiuona. Aliukisia kwa sauti yangu, jinsi sisi tunavyoukisia upepo wa katikati ya bwawa kwa kutazama maji yanavyobadilika rangi. Nilimlaumu kwa muda mrefu kwa kuwa mkavu. Sikumlaumu kwa maneno. Nilimlaumu kwa kujibu simu kwa mkato.

Nilipoishika rimoti kwa mara ya kwanza, chombo kikiwa mita mia moja mbele na kimelala ubavu, ndipo nilipofahamu kwamba ukavu ule si raha. Aliye ndani anahisi chombo kikianza kulemewa kabla hakijalala. Demani inamvuta mkononi, maji yanampiga. Aliye ufuoni hahisi kitu. Habari zote zinamfikia zikiwa zimechelewa, kwa macho tu, na hata akifanya uamuzi sahihi, lazima asimame na kungoja aone kama umefika. Akizidi kukigeuzageuza chombo kwa wasiwasi, anakiua mwendo, kwa sababu kila usukani unapokatwa ni breki. Wanaoshinda ni wale wanaoweza kuweka vidole juu ya vijiti na kutofanya lolote. Hilo ni gumu kuliko kulowa.

Ningependa mtu aiandike hadithi hiyo. Katika filamu kuna picha yake, ila hakuna anayeiangalia: Bwana na Bibi Little wamesimama ukingoni wakati mtoto wao yuko majini, na hawana la kufanya. Kamera inawapitia haraka kurudi kwenye mapambano. Laiti ingekaa nao nusu dakika zaidi, tungeona kwamba wale wawili walikwisha kumchagua yule mtoto kabla hajashinda chochote, na kwamba wangempokea vilevile angetoka majini ameshindwa. Hadithi nzima ya kulea imo katika nyuso mbili zile, na mbio zingebaki kuwa mbio tu.

Kwa hiyo hukumu yangu kati ya kazi hizi mbili ni hii. Filamu ina moyo mzuri na sonara mbaya: imepata dhahabu ya kweli kule chini kwenye chumba cha michezo, kisha ikaipima kwa kombe. Kitabu ni baridi zaidi, kina mapengo, na mwishoni kinamwacha Stuart barabarani akielekea kaskazini kumtafuta ndege Margalo bila kutuambia kama atampata. Lakini kitabu kinamheshimu kiumbe mdogo kwa namna ambayo filamu haikuthubutu. Kinampa uwezo bila kumdai aulipie mahali pa kulala.

Ukiwa na mtoto wa kumwonyesha, na hasa akiwa mtoto aliyeletwa kwenu na begi lake, mwekee filamu mpaka pale ndugu wale wawili wanapoinama juu ya mashua yao. Kisha zima, fungua kitabu, umsomee sura ya bwawani mpaka George anapouliza swali lake na Stuart anapojibu kwamba alikuwa akizunguka tu mjini. Usimweleze maana ya jibu hilo. Mwulize kama anataka chai, mkae.